Chawa wa Mvule

Nilipasua mivule miaka kumi na tisa.
Hapa Rau naweza kukuonyesha visiki
kimoja kimoja, kama mtu aonyeshavyo makaburi ya kwao:
hiki ni milango ya kanisa,
hiki ni makochi ya meneja wa benki,
na gogo lile kule lilikuwa na uwazi ndani,
likatutia hasara, tukalitukana, tukaliacha.

Sasa nalipwa kuotesha.
Mshahara wenyewe usiuulize.
Nilijaza viriba elfu moja mia mbili,
nikavipanga juani, mistari imenyooka
kama wanafunzi kabla ya kengele.
Nilitaka bwana misitu akipita asifu.
Akasifu.

Wiki ya sita vilele vikaota vinundu.
Vidogo kwanza, kama chunusi za kijana,
kisha vikafura, vikapasuka, vikaoza,
na mche ukafa kuanzia juu kushuka
kama mshumaa, ila bila mwanga.

Nikasema: sumu.
Duka la pembejeo lipo Kiborloni, sumu ipo.
Aikande akasema: subiri.

Aikande wa Wadudu, ndivyo tunavyomwita,
mwenye viatu vya mvua vikubwa kuliko miguu,
akatoa wembe, akapasua kinundu kiganjani mwangu.
"Tazama." Sikuona kitu. Akanipa lenzi.
Mle ndani, kila mmoja chumbani mwake,
wadudu weupe, wanene, wananyonya kwa adabu
kama wageni walioandikiwa barua ya mwaliko.
"Chawa wa mvule. Nyumba kajengewa na mti wenyewe."

Kinundu cha pili, mwenyeji hayupo.
Limebaki ganda, kavu, na tundu mgongoni,
duara kamili, kazi ya keekee.
"Na huyu?"
"Huyu kaliwa na nyigu."

Nyigu nimjuaye mimi hukaa darini na huuma.
Wake ni mdogo kuliko nukta ya kalamu:
hutaga yai ndani ya chawa, akaenda zake.
Nikauliza siku nyingine anaishi wapi.
Akaelekeza wembe:
kwenye maua ya magugu niliyofyeka juzi,
kwenye magamba ya gogo lile
lenye uwazi, tulilolitukana.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Bibi alinisema hivyo nilipotoroka msaragambo,
nami nikadhani anazungumzia mfereji tu.

Sumu sikununua. Nisijivunie busara:
fedha ilikuwa haijatoka.
Miche elfu moja mia mbili,
ikabaki mia tatu arobaini na mmoja.
Tuliihesabu mara mbili, tunanyeshewa.

Masika tukaiingiza msituni, bila mistari.
Mmoja kando ya mkwamba,
mwingine hatua arobaini mbele, na mwingine
penye jua la ukubwa wa mkeka, alipoanguka mti mzee.
Chawa akiutaka, na apite kwanza
majani elfu yasiyo yake,
apite buibui, apite sisimizi,
apite na ile nukta yenye mbawa.

Nilitaka kufunga vitambaa vyekundu, tuione tukirudi.
Aikande akanitazama, hakusema.
Anaijua kazi yangu ya zamani.
Anajua ni nani wengine wasomao vitambaa.

Sikufunga.

Mwezi uliopita nilirudi, nikaitafuta asubuhi nzima,
mimi, niliyeweza kuunusa mvule gizani
na kukutajia ni mbao ngapi.
Nikaona kumi na mmoja.
Iliyobaki ama imekufa,
ama imejificha hata kwangu.

Nikaketi juu ya kisiki cha milango ya kanisa,
nikamenya ndizi.
Sisimizi wakaja kudai.
Nikawakatia.