Chupa ya Saba

Mavyaa kaleta nyingine, ya saba hii:
marashi ya mtoto, lavenda, kifuniko cha buluu,
kaificha kotini isilowe mvua ya Valdivia.
Nikasema ahsante. Ningesemaje?
Tone moja tu, na shingo ya Amparo
huwaka vipele.

Basi chupa hulala chini ya sinki,
na Jumatatu humimina kidogo
kwenye maji ya kusuuzia sweta za Nibaldo.

Leo kaja bila hodi. Kamnusa mjukuu.
"Hanukii kitu."
Nikainama kuchochea jiko la kuni.

Kisha akaokota sweta kitini,
akazamisha uso sufini,
kimya, hadi birika likalia.

"Hivi ndivyo alivyonukia," akasema,
"kabla hajajua kutembea."

Nikamtilia chai.
Ya nane na ije.