Ziada

Fomu ya ruzuku ina kurasa tatu.
Ukurasa wa pili, swali la saba:
Je, mwezi huu umewahi kulala bila kula?
Yaarub aliandika La kwa wino wa buluu,
akaipigia mstari,
akaniamkia kwa heshima zote,
na tumbo lake likaitikia kabla yangu.

Miaka kumi na moja nimo humu chuoni, Ibra,
ubavuni mwa chumba cha kutolea nakala.
Nimejifunza kuisoma La.
Ipo La ya aliyeshiba: nyepesi, ya mbio.
Na ipo La ya mtoto wa watu
ambaye babake ameuza ngamia wawili wa mwisho
na nyumbani wameapishana wasiseme.

Aibu ya maiti, bibi akisema, aijuaye mwosha.
Bibi alisema Kiswahili mpaka kaburini,
hapahapa, kati ya majabali haya makavu,
na hakumpelekea jirani sahani
bila kuifunika kawa.
Basi nami nikatafuta kawa.

Pesa za wizara zilipoingia,
riali elfu nne mia mbili na baisa zake,
nilinunua mchele, jodari wa kopo, maziwa ya unga,
sabuni, pedi za wasichana, balbu za bwenini,
na tiketi za basi la Jaalan.
Vyote nikavipanga katika kabati la chuma
nyuma ya marobota ya karatasi,
ambako kila mwanafunzi ana sababu ya kupita.
Ufunguo sikuupoteza. Niliutupa.
Daftari nikalining'iniza kwa uzi mlangoni:
Andika ulichochukua. Jina si lazima.

Wakaandika.
Mchele, kilo moja.
Makopo mawili; nitarudisha moja.
Mmoja alichora samaki, basi.
Thuraya (naujua mwandiko wake) aliandika
Nimekuja kutazama tu, siku nne mfululizo.
Ya tano akaandika: Maziwa.

Mwezi wa nne mkaguzi akaja kutoka Maskati,
Bwana Muhanna, kanzu imenyooka kama rula.
"Majina yako wapi?"
Nikamwambia hayapo.
"Serikali hulisha watu, mama. Hailishi vivuli."
Akavua saa, akapandisha mikono ya kanzu,
akaanza kuhesabu makopo;
nami nikahesabu miaka iliyobaki nipate pensheni.

Akahesabu. Akahesabu tena.
Akamwita karani wake amhesabie.
Makopo yamepungua vilevile daftari linavyosema,
kasoro moja,
na hilo moja lilikuwa limerudishwa.
Lakini rafu ya chini ilikuwa na vitu
visivyo na risiti:
ndoo ya rangi, imesuguliwa, imejaa tende za khalasi;
ndimu kavu ndani ya mfuko wa vitabu;
chupa ya samli yenye alama ya dole gumba;
papa mkavu aliyesafiri kutoka Sur
akivishwa gazeti la juzi;
na mikate myembamba ya mama wa mtu,
ingali na joto.

"Hivi kanunua nani?"
Sikujibu. Sikujua.
Karatasi yake ina safu ya Upungufu,
ina safu ya Wizi, ina safu ya Kuoza.
Akatafuta juu, akatafuta chini, akaigeuza.
Mwisho akaandika kwa penseli, pembeni, nje ya mistari,
neno ambalo sikuliona.

Akala tende moja. Akasita.
Akalivuta daftari kwa uzi wake,
akaandika: Tende, moja.
Jina hakuweka.

Ruzuku ya mwakani haijajibiwa.
Mchele umebaki wa wiki mbili, tukiubembeleza.
Balbu zimekwisha.
Jana Yaarub ameleta fomu mpya,
kurasa tatu, wino uleule wa buluu.
Swali la saba ameliacha tupu.