Kasha la Alumini

Limefika Jumatatu, limevikwa sponji na nailoni,
mnara wa kimo cha kati, haufiki kiunoni mwangu.
Nikauinua kwa mkono mmoja, nikasita:
kilo sita na robo. Nilitarajia kumi.
Wepesi ni sifa au ni aibu? Bado sijui.

Barnaba Otuoma, aliyelinunua kwa akiba ya miezi kumi na mmoja
ya kuhariri video za harusi za watu,
ameketi kwenye kiti cha plastiki, ghorofa ya pili, Luthuli,
kama mtu anayengoja majibu ya damu.
"Niambie ukweli, fundi. Hata ukiuma."

Sawa. Ukweli huanza na vidole.
Napitisha kidole gumba kwenye kingo za ndani,
pale ambapo mnunuzi haangalii na mtengenezaji huiba.
Makasha ya bei ya chini yamenichana hapa, na hapa,
nina kovu kwa kila mwaka wa kazi.
Hili halikunichana. Ukingo umekunjwa, ukasuguliwa;
kuna mtu mahali fulani aliyeufikiria mkono wangu.

Mbele ni matundu madogo, maelfu kwa maelfu.
Feni mbili zavuta, moja nyuma yatoa.
Nawasha kijiti cha udi, nakisogeza mlangoni pa hewa:
moshi waingia bila kubishana,
wapita juu ya ubao mama, watoka nyuma umenyooka.
Vizuri. Lakini chujio, Barnaba,
chujio ni jepesi kama soksi ya shule mwezi wa Novemba,
na vumbi la mji huu halina simile:
lile jekundu la Kangemi, lile jeusi la barabarani,
na lile la majengo yanayoota usiku tumelala.
Utalisafisha kila wiki mbili. Andika mahali.

Kadi ya michoro inaingia, yabakiza upana wa kiganja.
Waya zimejificha nyuma ya ukuta kama deni la familia.
Skrubu tano zimekaa. Ya sita inanizungusha
kama karani wa ofisi ya ardhi.
Alumini ni laini. Ukikaza kwa hasira, uzi unakufa.

Saa saba mchana umeme ukapotea.
Feni zikanyamaza, na mtaa mzima wa spika nao,
na katika ukimya ule nikaligonga kwa kifundo cha kidole:
upande wa kushoto ukajibu,
wa kulia ukanong'ona.

Wa kuulizwa ni mmoja tu.
Tukalibeba kwa zamu mpaka Kamukunji,
kwa baba, aliyefua masanduku ya bweni miaka thelathini na minne.
Hakuuliza bei. Hakuuliza linatoka wapi.
Aliligeuza kichwa chini, akaligonga, akaweka sikio,
na kati ya nyundo zote zile, akasikia.
"Bamba la kulia ni jembamba.
Wamepunja hapa, wakidhani hakuna atakayejua."
Kisha akapapasa pembe, moja, ya pili,
akairudia ya kwanza,
na uso wake ukawa wa mtu aliyekutana na kazi ya mwenzake.
"Lakini pembe hizi," akasema. "Hizi mimi sijawahi."

Halafu: "Kufuli linakaa wapi?"
Halina kufuli, baba.
"Na jina la mtoto linaandikwa wapi?"
Barnaba akacheka. Baba hakucheka;
alikuwa ameshafungua mkebe wa rangi nyeupe.

Miezi kumi na mmoja. Harusi za watu.
Barnaba akanitazama, mimi nikatazama nyundo.
"Otuoma," akasema hatimaye. "Chini, lakini. Chini kabisa,
pasipoonekana."

Rangi ikateleza. Alumini haipendi rangi.
Baba akaguna, akafuta kwa kitambaa,
akaanza tena ile O.