Andika

Neno la kwanza nililotumwa nalo dukani
halikuwa unga, halikuwa sukari.
Lilikuwa *andika*.
"Mwambie Awadhi aandike," mama alisema,
nami, miaka sita, kanzu ya chuoni ikiburura vumbi la Majengo,
nikasimama mbele ya kaunta iliyonizidi kimo
nikalinong'ona, walio nyuma yangu wasisikie.
Awadhi akatoa daftari lenye jalada jekundu,
akalamba ncha ya kalamu:
*Famau wa Shee, nusu kilo.*
Ndiyo mara ya kwanza kuliona jina langu limeandikwa.
Kushoto jina. Kulia deni.

Baba hakupenda pesa zitajwe baada ya magharibi.
Ujira wa bandarini aliuhesabu dirisha limefungwa,
mgongo kaupa mlango, kama mtu anayefunga kidonda.
"Mwenye nacho kamnyang'anya mtu," alizoea kusema,
na Ijumaa hiyohiyo akaniombea niwe nacho.
Sikumuuliza.
Nililala katikati ya dua mbili.

Nikakua, nikawa fundi wa mabango.
Ukipita Makupa, ile K yenye mguu mrefu kama wa korongo
ni yangu. Kinyozi wa Sparki, yangu.
Ukuta wa bohari la saruji kule Kongowea,
BEI NI MOJA, HAIPUNGUI,
niliuandika mimi, herufi za kimo cha mtoto,
siku nzima juani.
Tajiri aliposhuka kuniuliza, "Nikupe ngapi, fundi?"
nikafuta brashi, nikatazama viatu vyake.
"Nipe chochote."

Akanipa chochote.

Miaka kumi na minne nimekula chochote.
Nikakiita uungwana. Nikakiita tawakali.
Mishi, apimaye mchele kwa kikombe kilichovunjika mkono,
akanisikiliza mpaka mwisho, akasema:
"Uungwana gani, Famau?
Wewe hujatoka kwa Awadhi.
Bado umesimama pale, wanong'ona."

Nilikasirika. Mwaka ule nikakopa kwa simu,
nikanunua pikipiki nyekundu, na miwani,
nikazunguka Tononoka nionekane na watu wasionijua.
Walinitazama, sikatai.
Lakini kila mwisho wa mwezi ujumbe uliingia,
jina langu, kisha tarakimu,
nikalitambua daftari: ni lilelile,
limebadilishwa jalada.
Pikipiki waliichukua Jumatatu, mchana kweupe.

Kisha Bi Nyevu wa viazi karai
akataka kibao cha kibanda chake.
"Ngapi?"
Chochote kikanijia mdomoni, kimelainika kwa mazoea.
Nikakimeza.
"Elfu mbili na mia nne."
Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuwa naifahamu,
si kali, si ya kuomba,
na baada yake sikuongeza neno. Hilo ndilo lililonitoa jasho.
Mafuta yalichemka karaini.
Kiazi kikageuzwa. Kikageuzwa tena.
"Ghali," akasema.
Nikanyamaza.
Akafungua fundo la leso, akahesabu noti mbele za watu,
bila kugeuka, bila kushusha sauti:
"Elfu na mia nane hizi. Zilobaki Jumamosi. Niandike."

Niandike!
Nilitaka kucheka, koo ikakataa.
Mwanamke huyu alilitamka neno la mama yangu
kama anayeagiza kiti.

Basi nikamwandika.
Si kwenye daftari; kwenye mbao, kwa buluu ya madirisha,
NYEVU, kutoka ukingo hadi ukingo,
na chini yake, viazi, bajia, bei ya kila kimoja.
Alipokwenda kuchota maji
nikapiga magoti kwenye pembe ya chini,
pale ambapo mafundi wenzangu hutia sahihi
na mimi sijawahi.
*Famau wa Shee.*
Kushoto jina.
Kulia nikapaacha wazi.

Rangi iliishia kwenye ile U, imetoka hafifu,
ukiwa mbali utasoma Fama.
Jumamosi nitairudia.
Nimeshanunua kopo jingine,
taslimu.