Punje za Wimbi

Juu ya duka la tairi, Kibuye, Jumamosi,
Mzee Ogweno ametandaza ramani
aliyoichora nyuma ya kalenda nne, kwa gundi ya unga.
Alikuwa mpima ardhi; mkono haujasahau.
Nchi yote ameikata vyumba vya pembe sita
kama sega: Kisumu, Kendu, Homa,
na kule juu, penye kijani, kwetu, Kisii.

"Kerubo, leo wewe ni Mjerumani," ananiambia,
nami nakubali, maana hakuna upande ulio wetu.

Askari wa miguu ni vifuniko vya soda.
Kifuniko kimoja, watu hamsini.
Kikipigwa kinageuzwa, meno juu:
wamebaki ishirini na tano,
na hakuna anayeuliza ni ishirini na tano wepi.
Kikipigwa tena kinatupwa mkebeni,
kinalia ting,
sauti pekee ya kifo iliyomo katika kanuni zetu.

Mzinga ni nati ya gurudumu la lori.
Shisia ndiye aliyeichagua, fundi wa kuchomelea,
kwa sababu ukiidondosha meza inashtuka.
Dado mbili. Sita na tano. Vyumba vitatu mbali
vifuniko vyangu viwili vinaonyesha meno.
Shisia anacheka, kisha anapuliza kidole
kana kwamba kweli kimeungua.

Na wapagazi?
Wapagazi ni namba, kwa penseli, pambizoni.
Mia nne kwa kila mzinga.
Mvua ikinyesha, toa thelathini.
Wakiharisha, toa sitini.
Ogweno anafuta kwa raba, anaandika namba ndogo zaidi,
anapuliza vumbi la raba lianguke sakafuni
bila kukatiza sentensi yake.

Jumamosi tatu nililitazama vumbi lile.
Nyanya yake baba alikuwa na kaka, Onsongo,
aliyejitwika sanduku la risasi akaelekea kusini.
Kilichorudi ni jina. Wakampa mtoto;
mtoto akafa kwa surua, jina likaachwa.

Jumamosi ya nne nikaja na kilo mbili za wimbi.
"Punje moja, mtu mmoja," nikasema.
"Hakuna kufuta. Anayetaka kusogeza mzinga
awahesabu wanaoubeba, mmoja mmoja, kwa mkono,
awahamishe chumba hadi chumba."

"Huo si mchezo, ni adhabu," Shisia akasema.

"Jaribu."

Akajaribu. Punje zikamnata kwenye jasho la vidole,
zikaingia mikunjo ya ramani, nyufa za meza.
Alifika mia moja na tisa, hesabu ikampotea.
Akaanza upya. Sabini na mbili, sabini na tatu,
stima ikakatika.
Tukawasha tochi za simu. Huko chini
mtu aligonga rimu kwa nyundo, bila haraka.
Sisimizi mmoja akaingia kupitia Homa,
akambeba mtu, akaondoka naye.
Hatukuwa na kanuni ya hilo.

Ogweno akavua miwani, akayasugua macho.
Nati ilikuwa palepale, vyumba viwili kutoka kilima changu;
angeisogeza mara moja tu, ningekwisha.

"Iache hapo," akamwambia Shisia.
"Lakini mzee, tunashinda!"
"Iache. Hesabu ni ndefu."

Hatukumaliza. Ramani ilikunjwa na watu wake ndani,
na hadi leo Shisia husema ushindi ni wao,
ananidai soda.

Jumatatu, nikiandika tarehe ubaoni,
niliona kitu chekundu chini ya ukucha wa gumba.
Nikakitoa kwa ncha ya chaki.
Nikasimama nacho kiganjani, sijui pa kukiweka,
watoto arobaini na mmoja wakingoja swali la kwanza.