Vivuli vya Veyula

Ramani ya nyumba ilisema: hapa gari.
Gari hatuna, Merina,
na mkopo umeishia kwenye bati.
Basi hapa litakaa jiliwa la baba,
alilorudi nalo reli ilipompunguza,
zito kunishinda mimi nilipokuwa darasa la pili.

Sakafu imekula mifuko minne ya saruji.
Upepo wa Agosti ukaniwahi kabla haijakauka,
ukamwaga vumbi lake jekundu,
na kuku akapita kutia saini.
Sijafuta.

Ukutani nimechora kwa mkaa
kila kifaa mahali pake:
randa, tindo, timazi, koleo.
Keekee bado ni kivuli.
Bei yake nimeiulizia Sabasaba mara tatu,
muuza sasa ananisalimia kwa jina.
Msumeno nao kivuli, ila huo ninao,
yaani anao kaka yako Chilongani, tangu Pasaka.

"Unafungua duka la vivuli," ulisema,
ukachukua taa ukaenda kupepeta uwele.

Jana jioni Nyemo kaniletea kigoda cha bibi yake,
mguu mmoja unacheza.
Nikakibana. Parafujo la jiliwa likalia
kilio kilekile cha Jumamosi za nyumba ya reli,
baba kainama, kalamu sikioni,
haongei na mtu.
Nami, jicho kwenye ule mguu,
nikapeleka mkono nyuma bila kutazama,
kama yeye,
niichukue keekee.

Mkono ukarudi na masizi vidoleni.