Kijicho

Walisema kijicho.
Watu wa barabara ya kumi na sita, Ngamiani, hawana siri:
"Bati jipya lile, Bwana Mhando,
limetazamwa mno, sasa limekushukia tumboni."
Mwantumu akafukiza ubani,
akachoma na pilipili; zikatukohoza hadi nyumba ya tatu,
na mimi nikaendelea kurudi chooni
kutoa kitu cheusi kama lami.

Damu saba, ikasema hospitali.
Saba! Gari haliwaki kwa saba.
Wakanipitisha mrija mdomoni: safi.
Wakanipitisha mwingine, mlango nitauficha: safi.
"Katikati," akasema Daktari Semkiwa,
"zipo mita kama sita ambazo hatujaziona."

Mita sita.
Nimeishi nazo miaka sitini na miwili,
sijawahi kuzijulia hali.

Mimi mtu wa korona. Miaka thelathini na mmoja
nimesimamia mashine ya kukamua mkonge,
nikijua kwa mlio tu wapi unyuzi umejisokota,
nikizamisha mkono katika tumbo la chuma
likiwa limezimwa.
(Mara moja halikuzimwa. Tazama kidole hiki.)
Nani angezamisha mkono kwangu bila kunizima?

Akaleta kidonge.
Si kidonge: taa, na ndani ya taa jicho,
ukubwa wa kokwa la fenesi,
kinakonyeza mara mbili kila sekunde
kama mtu anayekudai.
"Sisi huku tunakiita kijicho," akasema nesi Mbelwa,
nikacheka mpaka mkanda wa kunasia picha
ukanilegea kiunoni.
Bismillahi. Nikakimeza.

Siku ile niliuzunguka mji nikiwa nazungukwa.
Nilipita Mgandini na njaa yangu,
mihogo ikichemka kwenye tui, mimi sina ruhusa.
Tumbo likanguruma, nikaona haya:
kelele gani hizi, na mgeni yumo sebuleni?
Adhuhuri, paji la uso likiwa juu ya mkeka,
nikajiuliza kama jicho lile limejua
kwamba juu imekuwa chini.

Kesho yake wakanikalisha mbele ya kioo.
Uzuri sikuutegemea.
Kuta za waridi, zina manyoya mafupi, laini,
yanalala, yanainuka,
kama singa zilizokwisha kupigwa brashi.
Mimi, mbaya wa sura kwa ushahidi wa mama mkwe,
ndani nimetandikwa zulia!
Picha elfu hamsini. Daktari akazikimbiza,
kona, kona, giza, povu, kona,
kisha kidole chake kikasita.

"Hapo."

Mshipa mmoja, mwembamba, umejikunja ukutani
mfano wa buibui mwekundu.
Unatoa tone. Unapumzika.
Unatoa tone.
Basi. Miezi kumi na minne ya kutembea nikishika kuta,
ubani, pilipili, maneno ya barazani,
bati nililotaka kulivua niliuze nipate amani:
tone.

Upo mrija mwingine, nimeambiwa, wenye puto,
hujivuta ndani kidogo kidogo mwendo wa jongoo,
ukifika huuchoma mshipa kwa ncha ya moto.
Nimeandikwa mwezi ujao.
Nimeulizwa kama naogopa. Nimesema naogopa.
Hata korona ilitetemeka kabla ya kufunguliwa,
ila yenyewe haikuulizwa.

Kijicho kilitoka siku ya tatu, kimezimika.
Nilikitazama, ndiyo, nilikitazama:
kitu kilichoniona kuliko mke,
kimelala pale hakina la kusema.
Mwantumu akaita nyuma ya mlango: "Kimetoka?"
"Kimetoka."
Akapiga kigelegele, mwanamke yule,
saa kumi na moja ya alfajiri,
na barabara yote ya kumi na sita ikaamka
ikipeana habari dirisha kwa dirisha:
kijicho kimemtoka Mhando,
kijicho kimemtoka.

Sikuwasahihisha.